Gauni Alilobadilishia Melini

Asubuhi ya kumzika mke wangu Doreen, dada yangu Odile alitoa kabatini gauni la buluu, akalikung'uta.

"Hili, kaka. La heshima. Hapa Calais hakuna atakayekusema."

Shemeji yangu Enid, dada wa marehemu, alikuwa amevuka bahari jana yake kutoka Uingereza kuja kwetu huku Ufaransa. Akafungua mkoba wake, akatoa gauni la rangi ya chungwa, lenye maua makubwa kama sahani.

"Mungu wangu! Hilo gauni au pazia?" Odile akasema.

"Ni lake mwenyewe. Na hiyo buluu yako, wifi, mtamzika kama karani wa posta."

Mtu wa mazishi alikuwa sebuleni, anangoja nguo ya kumvika marehemu.

Mwanzo wa haya yote ni wakubwa wa kiwanda cha lesi, wale wale waliokuja kukifunga wakatuacha na mikono mitupu. Kila Novemba, siku ya Mtakatifu Katerina, wasichana wa kiwandani waliofika miaka ishirini na tano bila kuolewa huvaa kofia za kuchekesha, za kijani na njano. Doreen alikuwa na miezi miwili tu mjini. Alisikia ni sherehe ya kofia, na kwao Nottingham sherehe bila kofia si sherehe. Akaja na likofia la kijani lenye cheri za bandia, akanishika mkono, uso unang'aa.

Mke wa mkurugenzi, Bibi Delattre, akapaza sauti: "Jamani, Anselme! Kumbe mkeo bado anatafuta mume?"

Ukumbi mzima ukacheka.

Na mimi nikacheka. Hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kuwalaumu wakubwa. Hakuna mkurugenzi aliyenilazimisha kucheka. Wala si yeye aliyeitupa ile kofia mferejini tukirudi nyumbani, akasema, "Vaa kama wenzako." Ni mimi.

Akavaa. Buluu, kijivu, skafu moja ya hariri, miaka thelathini na moja. Wanawake wa mtaani wakamsifu, eti huwezi hata kumjua kuwa ni Mwingereza. Nikavimba kichwa.

"Aliishia kuipenda buluu," nikamwambia Enid.

"Nani kakwambia, shemeji? Kila Agosti akija kwetu peke yake alibadilisha nguo chooni, humo humo melini. Anashuka na hili. Akirudi, anavaa buluu yake, hili ananiachia mimi. 'Anselme ataona haya,' anasema."

Odile akaliweka lile la buluu kitandani.

Nikalichukua la chungwa. Lilinukia sabuni ya nyumba nyingine. Kwapani lilikuwa limechanika na kushonwa, mara mbili, kwa mkono wa Doreen. Mshono wake naujua. Nikampelekea yule mtu sebuleni. Akalitazama, akanitazama.

"Ni la mama mwenyewe, mzee?"

"Ni lake," nikasema. Sikuweza kumwambia kwamba mimi, mumewe, sijapata kumwona nalo mwilini.