Mmea Ndani ya Haragwe

Mshonaji alikuwa amerudi kusoma ukubwani, na somo la mbegu lilimtoa jasho. Mchoro wa kitabuni hakuuelewa hata kidogo.

"Kichwa changu kizito, mwanangu," alimwambia bintiye, machozi yakimlengalenga.

Binti akachukua haragwe moja kutoka kwenye sufuria ya maharage yaliyolowekwa, akalimenya, akalipasua katikati. "Hizi pande mbili ni chakula, mama. Mmea wenyewe huu hapa."

Mama akainama. Ubavuni mwa upande mmoja palikuwa na kimea kidogo mno, chenye kimzizi na majani mawili yaliyokunjamana.

"Masikini! Miaka yote hii napika vichanga!"

Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Kesho yake mwalimu alipouliza sehemu za mbegu, mshonaji alisimama akazieleza zote bila kufungua kitabu.