Jina Lililofunikwa Ilkiding'a

Mwezi wa saba Arusha hujifunika gubigubi. Mlima Meru huondoka bila kuaga, ukungu hushuka mpaka kwenye mabati ya Ngarenaro, na mtu anaweza kukaa wiki nzima akiamini kwamba upande wa kaskazini dunia imeishia hapo. Bibi Nosim aliupenda mwezi huo. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na katika umri huo ukisinzia kitini saa nane mchana hakuna anayekuuliza unaota nini.

Jumatano moja ya mwezi huo, Nice, binti yake wa mwisho ambaye waliishi nyumba moja, alimjia na simu mkononi na mtoto wa miezi mitatu mgongoni.

"Yeyo, tumemaliza," alisema, akimwita mama kwa Kimaa, lugha ya kwao. "Jumapili kanisani mjukuu wako anaitwa Nosim."

Nice aliolewa na Eliya, Mchaga wa Machame mwenye duka la vipuri vya pikipiki, na kwa akina Eliya jambo hilo halina mjadala: binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba, wa pili hubeba la mama wa mama. Wa kwanza, Agnela, alishaimaliza zamu ya Machame. Sasa ilikuwa zamu ya upande huu. Keki ilishaagizwa ikiwa na jina juu yake, na kundi la simu lenye watu sitini na wawili liliitwa Ubatizo wa Bebi Nosim.

Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Bibi Nosim alimtazama mtoto, akavuta shuka mabegani, akasema, "Msimpe hilo."

"Kwa nini, Yeyo?"

"Msimpe tu."

Nice aliumia, wala hakuficha. "Mama mkwe alitoa lake kwa moyo mweupe. Mama yangu mzazi ananinyima?" Akaingia chumbani, na kwa siku mbili akawa anamletea mama yake chai bila kukaa naye kuinywa.

Kununa kwake kulikuwa na haki. Binti hakujua, na mama hakuwahi kusema, kwamba Bibi Nosim hakuzaliwa Nosim.

Alizaliwa Ilkiding'a, ubavuni mwa mlima, katika boma la Waarusha lililozungukwa na migomba, na jina alilopewa akiwa bado wa kubebwa lilikuwa jingine. Shangazi yake aliyekaa boma hilo hilo alikuwa nalo pia. Likiitwa, waliitika wawili, mkubwa na mdogo, na watu wakacheka. Mtoto alipofikisha miaka saba, shangazi alishikwa na homa wakati wa masika, na homa ikaondoka naye. Kwao jina la marehemu lilikuwa halitajwi. Ukilitaja unamsumbua aliyelala, na huenda akaja kuuliza anaitiwa nini. Na kama jina hilo limekaa pia kwa mtoto aliye hai, basi mtoto avuliwe.

Wakamnyoa nywele. Wakamwambia jina lako limeondoka na shangazi. Hawakumpa jingine siku ile, wala ya pili, na kwa siku nne nzima hakuwa na jina kabisa. Alizikumbuka siku zile nne kuliko miaka mingi iliyofuata: alivyotembea migombani akijiona mwepesi kama moshi, alivyoogopa kwamba akijikwaa hakuna atakayejua aliyejikwaa ni nani. Siku ya tano baba yake alitoka nje asubuhi, akamtazama, akasema, "Nosim," halafu akaenda zake kwa ng'ombe. Ni jina zuri, walio nalo ni wengi na wanalibeba kwa raha. Kwake yeye lilikuwa gauni la kuazima, linasitiri, ila mabegani halikai.

Lile la kwanza lilikuwa lipi? Msimulizi hakunyolewa siku ile wala mwiko ule haumfungi, kwa hiyo litajwe: Naserian.

Serian kwa Kimaa ni amani, na Naserian ni binti mwenye amani, aliyekuja nayo mkononi. Kwa masikio ya Bibi Nosim hata ile "sere" ambayo watu wa kwao huagania ilitoka tumbo moja na jina hilo, na ndiyo maana kila akiagwa alihisi kama ameitwa nusu.

Tatizo ni kwamba jina lenyewe halikujua kama limefunikwa. Alipohamia Ngarenaro na marehemu mumewe alilikuta limemtangulia. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alikuwa Naseriani, maana Waswahili hawapendi neno liishe kwa ghafla, lazima walifungulie dirisha mwishoni. Kauthar, jirani yao, alikuwa na mkwe aliyeitwa hivyo, naye kwa mapenzi akalikata jina likawa Seri. Ng'ambo ya barabara palikuwa na Seriani Saluni. Kwenye kadi za kliniki aliliona limeandikwa Nasiriani na Naserieni, kila karani na sikio lake. Lilipita mtaani limevaa nguo za kila aina, naye alilijua katika zote, na hata moja hakuwahi kuitamka. Akitaka kumwelekeza mtu saluni ile alisema, "Pale kwa wasusi."

Alilitaka jina lake na aliliogopa, vyote kwa nguvu moja. Alitaka aitwe nalo hata mara moja kabla hajafa, na sasa alitaka mtoto huyu alipokee, maana Jumapili ikipita na keki ikiliwa, lingebaki kulala naye kaburini. Lakini je, akilifunua, shangazi akaja kumchukua mtoto? Ndiyo sababu alisema msimpe hilo, akashindwa kusema mpeni lipi.

Ijumaa mchana alisinzia. Akajiona yuko Ilkiding'a, ndani ya ukungu, migomba ikidondosha maji. Mbele yake alisimama mtoto wa kike mwenye kichwa kilichonyolewa, amempa mgongo. Alimjua. Alijua pia kwamba yule mtoto atageuka akiitwa, na hatageuka asipoitwa. Akasema, "Wewe." Mtoto hakutikisika. Akasema, "Nosim." Mtoto akaanza kutembea, taratibu, kuelekea kule ambako mlima ungekuwapo, na bibi akafungua kinywa chote na kinywa kikajaa ukungu.

Alizinduka mashavu yamelowa. Mjukuu wake alikuwa mkekani, amemtumbulia macho.

Akamwita Nice. Akamweleza yote: shangazi, wembe, siku nne. Nice alikaa chini, akasahau kwamba amenuna.

"Sasa Yeyo, hilo jina ni lipi?"

"Siwezi."

"Niandikie basi kwenye simu."

"Kuandika si ndiyo kutaja? Unafikiri shangazi hajui kusoma huko aliko?"

Nice alitaka kucheka, akaona mama yake anavyoivuta shuka mpaka kidevuni, akaacha. "Nani anaweza?"

"Lilifunikwa na mwenye boma. Baba hayupo. Mwenye boma sasa ni Saruni."

Saruni alikuwa kaka yake, amemzidi miaka minne, na ndiye mtu pekee duniani aliyebaki ambaye siku ile ya wembe alikuwapo. Jumamosi asubuhi Eliya aliwapakia kwenye gari, mkwe, mke na mtoto, wakapanda mlimani taa zimewashwa kama vile jua halijaumbwa.

"Kwetu jina la bibi linaamshwa, kwenu linalazwa," Eliya alisema akiwa usukani. "Tutafika tu, mama. Keki inafutika."

Wasomaji waliotarajia mzee wa busara wasamehe. Saruni walimkuta sebuleni amejifunga shuka mbili, fimbo magotini, anaangalia mieleka kwenye televisheni na kumtukana mwamuzi. Sikio moja lilishagoma, la pili lilifanya kazi kwa hiari yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mmeleta sukari?"

Walikuwa wameleta. Akapakata mtoto, akamtemea mate mepesi ya baraka kipajini, akamrudisha, macho yakarudi kwenye mieleka. Bibi Nosim akaanza kueleza kilichowaleta. Kaka hakusikia. Akarudia. Hakusikia. Basi siri ya miaka sabini na miwili ikabidi ipigiwe kelele, mpaka kuku wakatoka barazani: lile jina, kaka! Lililofunikwa! Nataka lifunuliwe, nimpe mtoto!

Saruni alichukua rimoti, akazima televisheni. Matone yakasikika yakianguka kutoka migombani.

"Kwa hiyo unataka ruhusa," alisema.

"Nataka."

"Wewe, tangu shangazi afe, mimi nimekuita nani?"

"Unasemaje?"

"Kiziwi ni mimi au ni wewe? Nimekuita nani?"

Bibi alianza kuhesabu kwa vidole. Alirudi nyuma kutafuta. Siku ya harusi yake Saruni alimwita binti wa baba. Alipojifungua Gerson akawa Mama Gerson. Kwenye msiba wa mumewe alimwambia, pole, dada. Kwingine kote ilikuwa ni wewe, wewe wa mjini, wewe usiyekuja kututazama. Alizipekua sikukuu, magomvi, barua, simu, miaka sabini na miwili yote, wala hakumkuta kaka yake hata mara moja na neno Nosim kinywani.

"Nilichapwa," alisema Saruni. "Siku ya pili ya zile siku zako. Ndama waliingia kwenye maharage, na wewe ulikuwa karibu nao, nikakuita kwa jina lile uwazuie. Nilisahau. Baba alinipiga mpaka fimbo ikakatika. Nikasema sawa, lile nimekatazwa, sitalitaja. Ila na hili lao silitaji. Nitakaa hivi hivi ningoje."

"Ulingoja nini, kaka?"

"Mtu aulize. Hakuna aliyeuliza! Nilidhani wewe umelisahau, nikaona aibu kukukumbusha."

Bibi akalia, kwa sauti, kamasi na yote, mbele ya mkwe, na hakuwa na huzuni hata chembe. Alidhani amebeba peke yake, kumbe upande wa pili wa mzigo palikuwa na mtu muda wote, kakaa kimya, kakasirika.

"Na shangazi akija?" aliuliza alipoweza. "Akimfuata mtoto?"

"Shangazi alikupenda wewe kuliko sisi wote. Aje. Atakuta chai."

Kisha Saruni alijikongoja na fimbo yake mpaka mlangoni, akawageuzia mgongo wote, maana kuna mambo mwanamume wa Kiarusha hawezi kuyasema huku anatazamwa. Akashika kizingiti, akavuta pumzi, akapeleka sauti kule migombani, sauti ambayo hakuna aliyejua kama bado anayo.

"Naserian! Naserian wee! Ndama wako kwenye maharage!"

Nice alilisikia jina la mama yake kwa mara ya kwanza, na la binti yake pia. Mtoto alishtuka mikononi mwake, lakini hakulia. Bibi alikaa midomo wazi, hakuna kilichotoka, na mlangoni mzee asiyesikia akaghadhibika kama mtoto wa miaka kumi na mmoja anayejua nani atachapwa.

"Naserian! Huitiki?"

"Abee, kaka!" alisema bibi. "Abee! Nakuja!"

Akainuka bila kushika kiti, akampita kaka yake mlangoni, akatoka mbio mbio na magoti yake mabovu, akaingia kwenye ukungu kufukuza ndama ambao hawakuwapo.