Jezi Namba Moja

Jumatatu asubuhi Mama Jezi alimwaga jezi kumi na nane sakafuni, akazigeuza ndani nje moja moja ili namba zisibanduke, akazipanga kwa mstari. Alikuwa dobi wa timu ile ya ligi kuu mwaka wa kumi na nne sasa. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa: mashine mbili, beseni la bati, kamba sita za kuanikia, na kidirisha ambacho kwacho aliona miguu ya watu tu.

Jezi namba moja haikunyanyuka kwa mkono mmoja. Akainyanyua kwa miwili, na nyonga ikamlia. Hakushangaa. Jumamosi timu ilifungwa moja bila, mpira wa kinyonge ukampita Komeo, kipa wao, katikati ya miguu, na watu elfu ishirini wakasema waliyoyasema. Maneno ya jukwaani hayaendi mbali. Hushika kitambaa, yakilala hugeuka mawe madogo ndani ya nyuzi. Sifa hazina taabu, hutoka na povu la kwanza. Matusi ndiyo hutaka brashi.

Akajifunga kibwebwe, akaanza kusugua. Kila jiwe lilipodondoka kwenye beseni lilisema neno lake mara moja, kwa sauti ya mwenyewe, kisha likanyamaza. Mama Jezi aliwatambua wengi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwamo, tena kwa lugha ambayo mwanafunzi angefukuzwa nayo. Muuza dawa wa pale kona, mtu asiyeweza hata kumfukuza paka, alikuwamo mara saba. Mwezi uliopita, Komeo alipodaka penalti mbili, hakuna aliyekumbuka alikozaliwa. Jumamosi watu mia tatu walimwambia arudi kwao.

Beseni lilipojaa, karani wa uwanja alikuja na toroli kama kawaida yake.

"Wiki hii mmetuletea neema," alisema. "Kule kwenye maegesho kulikuwa na shimo."

Mawe yalimwagwa kwenye maegesho. Uongozi ulikuwa haujanunua kokoto kwa miaka mingi, na mashabiki waliegesha magari yao juu ya mawe hayo bila wasiwasi.

Jumatano kocha aliingia, akaipima jezi kwa mkono, akatikisa kichwa.

"Mama, akivaa hii hataruka."

"Mpe nyingine."

"Unajua mwenyewe mawe hufuata namba. Nimempa namba moja ile ya njano, imekuwa vilevile." Akashusha sauti. "Na wakubwa wameshasema. Akifungwa kizembe tena Jumamosi, anaondoka."

Mama Jezi akairudisha jezi kwenye beseni. Komeo alikuwa amempoteza mama yake msimu ule ule alipojiunga na timu. Kwa wiki nzima alikuja kukaa kwenye kigoda kando ya mashine, akisikiliza maji. Tangu hapo akawa anamwita Mama Jezi mama, na si kwa heshima ya umri tu. Basi Mama Jezi akasugua Jumatano yote na Alhamisi yote, vidole vikachunika.

Ijumaa jezi ilikuwa nyepesi, isipokuwa jiwe moja ubavuni, dogo kama punje ya maharage. Halikusikia brashi. Halikusikia maji ya moto wala chumvi. Mwishowe alifumua mshono kwa wembe, likadondoka.

"Heri mama yako angezaa mlango!" likasema jiwe ndani ya beseni, kwa sauti ya Mama Jezi.

Akakaa kwenye kigoda. Jumamosi alikuwa amesimama kwenye njia ya wachezaji na mataulo begani, na alikuwa na hakika kwamba bao lilipoingia aliguna tu. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka.

Komeo alipokuja kuchukua jezi, Mama Jezi alimkabidhi pamoja na lile jiwe.

"Mwanangu, hili la mwisho lilikuwa langu."

"Najua, mama. Nililisikia."

"Katika kelele zote zile?"

"Yale mengine yalikaa mabegani, nimeyazoea. Lako lilikuwa hapa." Akagusa ubavu.

Mama Jezi akalia waziwazi, bila kujifuta. "Nisamehe, baba. Sijui lilitokaje."

"Yamekwisha," alisema Komeo, akatia jiwe mfukoni. "Umesugua wiki nzima. Nani mwingine amesugua?"

Jumamosi Mama Jezi alisimama mahali pake pale pale, taulo moja ameling'ata kwa meno. Komeo aliruka siku ile kama hana mifupa. Alitoa mpira wa kwanza, wa pili, na wa tatu ambao muuza dawa mwenyewe alisimama akaupigia makofi. Dakika ya themanini na nane krosi nyepesi ilishuka, Komeo akaidaka, ikamponyoka, ikajiviringisha wavuni taratibu.

Uwanja ukanguruma. Mama Jezi alihisi hasira ikimpanda kooni, na alipotazama chini aliona taulo liko miguuni pake. Kule golini Komeo aliinama kuokota mpira, akaweka mkono ubavuni, akakaa hivyo kidogo kabla ya kunyooka. Mama Jezi hakungoja filimbi ya mwisho. Alishuka chumbani akawasha jiko, akateleka maji.

Komeo aliondoka Jumapili kwa basi la asubuhi, mabega yake mepesi kabisa. Jumatatu, Mama Jezi akiwa amepiga magoti mbele ya beseni, kipa mpya aliingia, mtu mrefu mwenye tabasamu la mgeni.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa nichukue jezi yangu, namba moja."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Jezi, bila kuinua macho kutoka ubavuni mwa jezi. "Kaa hapo kwenye kigoda. Bado naitafuta sauti moja."