Ulimi wa Raia

Miaka kumi na saba baada ya kufa, Zubairi bado alikuwa anamsahihisha mkewe. Nulu akiwa kwenye cherehani yake pale Nabuyonga, mjini Mbale, akishona magauni ya gomesi ya watu wa harusi, akimwambia mteja "Ludi Jumatatu," sauti ya marehemu ilisema taratibu nyuma ya sikio lake: Rudi, Nulu. Rudi. Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ileile ya mume mpole anayeona haya kwa niaba yako, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Jini unaweza kulisomea dua likaondoka. Mume utamsomea nini?

Tena Nulu hakuwa anakosea kwa kutojua. Alikuwa anakosea kwa makusudi, na sababu yake marehemu alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote.

Zubairi alikuwa Msoga wa Jinja, muuza vitambaa. Ujanani alikwenda Mombasa kusoma dini, akarudi na Kiswahili kilichonyooka hadi kikawa kero. Mteja anapatana bei, yeye anamsahihisha neno. Watu walimcheka, wakamwita Mwalimu. Lakini walicheka huku wakiangalia nyuma, maana Kiswahili siku zile kilikuwa lugha ya wanajeshi, na ukikisikia mlangoni ulianza kuhesabu watoto wako. Zubairi alisema lugha haina kosa, kosa ni la mwenye bunduki. Alilisema hilo kwa furaha, kana kwamba kuna aliyekuwa anabisha.

Mwaka wa sabini na tisa vita vikafika Jinja. Wanajeshi wa serikali, wale waliokuwa wakitembea katikati ya barabara kama vile lami ilimwagwa kwa ajili yao, wakakimbia wakaacha hata viatu. Kabla wakombozi waliovuka mpaka kuwang'oa hawajajipanga mjini, vijana wa mtaani waliburuta gogo wakaliweka kwenye barabara ya kwenda Iganga. Walisema wanalinda usalama wa nchi. Walikuwa wanawatafuta watu wa utawala ule, na kwa kuwa wenyewe walikwisha toroka, wakaanza kutafuta wanaofanana nao. Mwenye kanzu, simama. Mwenye Kiswahili, simama. Hakuna aliyejali kwamba hao wakombozi nao walikuja wakisema Kiswahili.

Kipimo chenyewe kilikuwa kifupi. Sema: mimi ni raia. Mtu wa pale ulimi humteleza, akasema "laia", na hapo anaitwa ndugu. Anayeigonga ile "r" inavyotakiwa, ameifundishwa wapi kama si kambini? Sijui kama duniani kuna mtihani mwingine ambao anayefaulu ndiye anayeuawa.

Zubairi akafaulu. Nulu, mtoto mgongoni, alimfinya mkono, akamnong'oneza kwa Kisoga aseme kama wao wanavyosema. Kijana mwenye panga aliwahi kununua kitambaa cha suruali kwake. Alimhurumia hata akamwambia arudie. Zubairi akajaribu. Nulu alimwona akijaribu. Jasho lilimtoka, mdomo ukafunguka, ulimi ukapanda mahali pake pa siku zote. "Raia," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba amejisikia mwenyewe alivyolisema.

Wakamgeukia Nulu. Nulu alikuwa amefundishwa na mumewe yule kuitamka "r" vizuri kabisa. Akasema, "Mimi ni laia." Wakamwambia apite na mtoto wake. Akapita. Mumewe alimwita kwa jina kutoka nyuma, mara ya kwanza na ya pili, na hakugeuka.

Alirudi Mbale kwa ndugu zake, chini ya mlima wa Wanale, akamlea mtoto yule, Sulait, kwa cherehani na kwa makofi. Makofi yalikuwa ya neno moja. Mtoto akisema "rudi", kofi la mdomo. Sema ludi. Akisema "barua", kofi. Sema balua. Majirani walishangaa mama Mwislamu anayempiga mtoto kwa kusema vizuri. Hadi alipoanza shule, Sulait alikuwa na Kiswahili kinachochechemea kama cha mtu mwingine yeyote, na Nulu akaanza kupata usingizi. Mtoto alipouliza nani alimuua baba, alijibiwa: wageni. Walikuja na vita, wakaondoka na vita. Ulikuwa uongo mwepesi kubeba. Angemwambiaje mtoto kwamba wauaji ni watu wa mtaa wao, wana maduka, wanasalimia?

Sasa nchi ilikuwa inapona. Barabara zilizibwa mashimo, viwanda vikapakwa rangi, uchaguzi ukaja. Sulait alikwenda Jinja kutafuta kazi, akafikia kwa shangazi yake Kagoya, mkaushaji samaki wa Masese, pale mwaloni mitumbwi inaposhusha samaki. Barua zake zilikuwa za furaha. Amepata kazi na mheshimiwa mmoja anayegombea ubunge. Anazungumza mbele za watu.

Halafu siku moja Kagoya mwenyewe akatokea Nabuyonga, na harufu yake ya moshi, akakaa chini kabla ya kukaribishwa.

"Wifi," alisema, "mutoto yako iko napima watu."

"Anapima nini? Samaki?"

"Watu, nakuambia. Iko juu ya gali ya ile mugombea, Ignatius, na ile maiki. Naambia watu: sema wewe ni laia. Yule anasema mubaya, napita. Yule anasema muzuri, anaambiwa ni mugeni. Kesho kuna mukutano. Inasemekana loli imekodishwa ya kuwapeleka Busia, mupakani." Kagoya akajifuta macho kwa upindo wa gomesi. "Mimi nilisikia ile neno, wifi, nikafikili ni ndugu yangu ameludi kuuawa tena."

Nulu akaweka mkasi chini. Alikuwa anasubiri Zubairi aseme kitu, kwa sababu Kagoya alikuwa amekosea maneno mengi, na Zubairi hakuwahi kumwachia dada yake hata moja. Hakusema kitu. Ukimya huo ulimtia Nulu hofu kuliko habari yenyewe. Akaifunika cherehani, akachukua shuka lake, wakaondoka.

Kesho yake mchana alimkuta Sulait nje ya ofisi ya mgombea, chumba cha kupanga karibu na maji, anafunga kipaza sauti kwenye pikapu. Alikuwa amenenepa kidogo. Kwa nyuma, mabega yale na shingo ile ya baba yake, Nulu ilibidi asimame kwanza apate pumzi.

"Mama! Umekuja lini?" Akapiga magoti kumsalimia, mbele ya wenzake wote, bila haya. Alikuwa mtoto mwenye adabu, hilo lisemwe.

"Sulait, mwanangu, acha kupima watu ndimi."

Akacheka. "Hatupigi mutu, Mama. Tunauliza tu. Waasi wanapita wapi? Hapa kwa maji. Samaki yetu inanunuliwa na nani? Wageni. Sasa nchi haina luhusa kujua nani ni nani?" Halafu akashusha sauti. "Na wewe ndiye uliniambia. Wageni walimuua baba."

"Nilikudanganya."

Akamweleza hapo hapo, wamesimama, kelele za mwalo zikiwa pembeni yao. Gogo, panga, neno. Alimwambia ni vijana wa mtaa wao. Alimwambia pia kwamba yeye mwenyewe alisema "laia", akapita, akaitwa, asigeuke.

Sulait alisikiliza mpaka mwisho. Aliuacha waya wa kipaza sauti ukaning'inia, na Nulu akadhani amempata.

"Kwa nini hakusema?" aliuliza kijana. "Neno moja, Mama. Mimi nilikuwa mugongoni kwako. Kwa nini hakusema tu laia, aludi nyumbani na sisi?"

Swali hilo Nulu alikuwa amemuuliza marehemu miaka yote ile, kitandani na kwenye cherehani. Mtu akapiga kelele kutoka ndani: "Sulait! Mheshimiwa anakuita!" Naye akaenda, anajipangusa uso kwa mkono wa shati.

Ignatius alikuwa msemaji, huwezi kumnyima hilo. Alivua koti, akasimama juu ya pikapu, akaonyesha kwa kidole ukuta wa kampuni ya samaki, mrefu, una vigae vya chupa juu na askari getini. Alisema sangara wa ziwa lao wanaliwa Ulaya na wao wanabaki kugombania vichwa na mifupa. Alisema mizani ya kampuni ni mizani ya wezi. Alisema matajiri wa nje hawana nchi, wana akaunti. Watu wakanguruma. Nulu, katikati ya umati, alijikuta na yeye anaitikia kwa kichwa, maana yote hayo yalikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Kisha kile kidole kikashuka. Kikateremka kutoka kwenye ukuta, polepole, kikafika kwenye vibanda vya wachuuzi. "Na mawakala wao ni hawa hapa," alisema Ignatius. "Wanalala na nyinyi. Leo tutawajua." Kwa kweli ukuta ulikuwa mrefu na askari walikuwa na bunduki. Wachuuzi hawakuwa na ukuta. Hata lile lori la kuwapeleka Busia lilikuwa limepakwa rangi za kampuni ileile, na katika umati wote ule hakuna aliyeuliza limepatikanaje.

Mstari ukapangwa mbele ya pikapu. Sulait akapewa maiki. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilitoka kamili, na kwa kuwa ilikuwa sauti ya baba yake, kila alipoita mtu Nulu alihisi anaitwa yeye.

Wa tatu alikuwa Otiende, Mjaluo mzee aliyenunua samaki Masese hadi akazika mke hapo. Kipimo alikijua; kila mtu alikuwa anakijua sasa. "Mimi ni raia wa Kenya," alisema kwa nguvu, "na katika nyinyi hakuna ninayemdai wala anayenidai." Wakamsukuma kwenye lori. Baada yake akaja Asadu, muuza nyama, mzaliwa wa Jinja, aliyefundishwa Kiswahili na Zubairi zamani. Alijaribu "laia" akagugumia, ikatoka katikati, si hivi wala si vile. Watu wakacheka sana. Naye wakampandisha.

Nulu akaingia kwenye mstari.

Sulait alipomwona alifunika maiki kwa kiganja. "Mama, toka. Tafadhali."

"Niulize kama unavyowauliza wengine."

Hakumuuliza. Nulu akajibu hata hivyo, akawageukia watu, shuka likiwa limemwanguka mabegani: "Mimi ni raia wa Uganda." Ile "r" ilitoka safi, imegongwa, kama alivyofundishwa katika duka la vitambaa akiwa bibi harusi. Akangoja kusahihishwa. Hakukuwa na wa kumsahihisha.

Kicheko kikaanza, kikakatika. Mwanamke mmoja akasema, "Si huyu ni mama yake Sulait?"

Neno hilo likatembea katika umati, na Nulu akaliona linavyotembea, kichwa hadi kichwa, hadi likafika kwa Ignatius. Ignatius akamtazama msaidizi wake jinsi mnunuzi anavyofunua shavu la samaki kuona kama ameoza. Hakumtetea. Akarudi hatua moja nyuma, akamwachia umati.

"Na yeye aseme!" mtu akapaza sauti.

"Aseme! Aseme!" Vijana wa Ignatius wenye fimbo wakasogea kwenye pikapu, mmoja akashika ubao wa nyuma akaukung'uta.

Hili Nulu hakuliwaza. Alikuwa amewaza aibu, amewaza kupigwa yeye, amewaza hata kufa. Alitoka Mbale kuja kumwondoa mtoto upande wa wenye panga, na sasa alikuwa amemsimamisha palepale aliposimama baba yake. Akamtazama Sulait, na Sulait alikuwa anamtazama yeye tu, hamtazami mwingine, na Nulu akaona jambo ambalo mama mwingine angelifurahia: mtoto alitaka kulisema sawasawa. Mdomo ulifunguka. Ulimi ulikuwa unatafuta njia ya kupanda.

Nulu akatikisa kichwa. Mikono ya watu wawili ilikuwa imekwisha kumshika, inamvuta kuelekea kwenye lori, naye akawa anamtikisia kichwa mwanawe kwa nguvu zake zote.

"Mimi," alisema Sulait kwenye maiki. "Mimi ni laia wa Uganda."

Umati ukalipuka. Wakampigia vigelegele, wakampandia kumkumbatia, mtu akamvika kofia ya kampeni kichwani. Kati ya mikono hiyo yote uso wake ulikuwa unatafuta lori, na lori lilikuwa limekwisha fungwa nyuma.

"Alhamdulillahi," alisema Nulu. Alisema kwa sauti, tena na tena, akiwa amesimama ndani ya lori, kwenye maji ya barafu yaliyobaki na magamba ya samaki. Alisikia kipaza sauti kinaita "Mama", kisha "Mama" tena, kutoka kule kwenye pikapu, na hakugeuka, asije mtu akakumbuka mtoto ni wa nani. Otiende alijibana pembeni apate nafasi, akamshika kiwiko.

"Usilie, mama," alisema mzee. "Busia si mbali."