Sindano za Kidole cha Bibi

Bibi yangu ni fundi cherehani, na kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimevimba hata shuka likikigusa anapiga kelele. Daktari wa upasuaji alisema ni usaha. Saa nane mchana angekipasua. Alisema hivyo kwa sababu yangu. Mimi ndiye fundi wa maabara niliyepima maji ya kiungo hicho jana na kuandika: "Hakuna fuwele." Bila fuwele, si jongo, ule ugonjwa wa viungo unaotulizwa kwa dawa tu.

"Mume wangu," Bibi aliniambia asubuhi, "wakinikata, nitakanyaga pedali kwa ulimi?"

"Hawakati, Bibi. Wanapasua tu."

"Nguo ikishaguswa na mkasi haiwi ile ile. Usinifundishe kazi."

Nilirudi maabara nimenuna. Kioo nilichopimia maji yale jana kilikuwa bado mezani, cha zambarau. Zambarau! Nilikuwa nimekitia rangi nikakisuuza, kama tunavyofanya tunapotafuta bakteria. Mikono ilifanya mazoea yake. Na fuwele za jongo huyeyuka zikioshwa. Nilikuwa nimezimwaga kwenye sinki, kisha nikaapa hazipo.

Mimi hata kwenye karata sikubali nimeshindwa. Nilimfuata daktari mbele ya wauguzi wake.

"Nimekosea. Naomba nichukue tone jingine."

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Una nusu saa."

Bibi alipoiona sindano alishika kichwa. "Mume gani huyu, kila siku kunichoma?"

"Jana niliharibu, Bibi. Kosa ni langu."

Aliunyoosha mguu mwenyewe. "Haya, choma. Ukiharibu tena, talaka."

Safari hii sikutia rangi wala maji. Niliweka tone chini ya hadubini yetu mpya, isiyo na tundu la kuchungulia: hupitisha mwanga uliochujwa, hupiga picha ya kioo kizima mara moja na kuileta kwenye skrini. Kwanza giza. Kisha vikawaka vijisindano vyembamba, vya manjano vilivyolala huku, vya buluu vilivyolala kule, vingine vimechoma seli katikati.

Daktari aliinama kwenye skrini. "Jongo," akasema, akafuta jina la Bibi kwenye ubao wa upasuaji. "Atameza dawa."

Nilimpelekea Bibi picha kitandani. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Miaka yote nanunua sindano dukani," akasema, "kumbe ninazo mguuni!"

Nilicheka mpaka muuguzi akanitoa wodini.