Suke Lililonyolewa

Naapa kwa mkate wa nyumba hii, mkono wangu uko juu yake: sijaongeza hata chumvi. Haya yalimpata jirani yangu Khmaies, hapa hapa mjini Béja, mwezi wa Mei, ngano ikiwa bado kijani.

Mkewe, Hnia, alikuwa fundi wa kituo cha mbegu. Kazi yake ilikuwa kuozesha ngano, yaani kuzifungisha ndoa: anakata ncha za suke kwa mkasi, anang'oa viungo vya kiume kwa kibano, kisha analipaka chavua ya ngano nyingine na kulivika mfuko wa karatasi. Miaka thelathini. Sasa mikono ilikuwa inatetemeka, na msimu ule ndio ulikuwa wake wa mwisho. Ndoa aliyoitamani ni moja tu: ngano ya ndevu nyeusi ya marehemu mama yake, ambayo mizizi yake hujitafutia chakula hata kwenye udongo uliochoka, na ile fupi ya kituo, inayozaa sana lakini bila mbolea haikupi kitu. Masuke yote yalimkatalia, isipokuwa moja.

Jumapili akalikata likiwa changa, kama ifanywavyo, ili kesho yake viini vya punje zake vitolewe na kuoteshwa chupani. Akalifunga kwa kitambaa kibichi pamoja na kikaratasi chenye namba yake, akaja nalo nyumbani, akaliacha jikoni, akaenda kujilaza.

Khmaies akaingia na kibunda cha ngano mbichi. Alitaka kumpikia supu ya friki, yaani ngano mbichi iliyobabuliwa motoni, maana kwa wasiwasi mama wa watu alikuwa hali vizuri. Akaliona suke. "Ala! Naye kaniletea moja." Kikaratasi chake cha namba akawashia kuni, suke akalitia motoni na wenzake.

Harufu ikamwamsha Hnia.

"Khmaies, suke langu liko wapi?"

"Lipi, mama Nejib? Yote haya yako. Kaa ule."

"La kwenye kitambaa."

Khmaies akayatazama makaa.  Hnia alikaa chini tu, mikono mapajani. Afadhali angemtukana.

Khmaies akatia mkono motoni. Ndevu za masuke yote zilikwisha ungua, lakini moja maganda yake yalikuwa yamekatwa sawasawa kwa mkasi. Akalichomoa: upande mmoja mkaa. Upande wa pili punje tatu, bado kijani.

"Umeungua vidole, mpumbavu wee," Hnia akasema, akivipuliza.

"Viache. Vyangu havina kizazi."

Kesho yake kituoni kibano kilimcheza Hnia mkononi. Khmaies, aliyemsindikiza, akamshika kifundo cha mkono, taratibu.

"Pumua, mke wangu. Mimi leo sisemi kitu."

"Hilo ndilo linanitisha," akajibu, na mkono ukatulia.

Viini viwili vikaozea chupani. Kimoja kikachipua. Lamine, kijana msoma vinasaba, akapima kipande cha jani lake, akaja mbio akimwita khalti, yaani mama mdogo: "Khalti Hnia, ndoa imeshika! Mizizi ya mama yako imo, na uzazi wa kituo umo!"

Mmea huo ukatoa suke refu kama mkono wangu, ikabidi aitwe punda wa kulibeba...

Hapo Hnia amenipokonya kalamu.

"Mkono upi? Halikuzidi kiganja! Na jirani gani huyo? Mtaa huu una Khmaies mwingine?"

 Ameviinua vidole vyangu vyenye makovu, ananionyesha mwenyewe. Nimehukumiwa kupika friki msimu mzima, na kila suke alikague kabla sijaligusisha moto. Kibunda cha kwanza kiko mbele yangu. Naye amevaa miwani.