Sauti ya Mfalme Anayekufa

Albamu ya kwanza ya bendi ya Suhaib ilihitaji sauti ya mzee. Vijana hao walipiga death metal, muziki wa magitaa mazito na waimbaji wanaonguruma, na nyimbo zao zote zilihusu Maviking, wale mabaharia wa kale wa Kaskazini. Mwanzoni kabisa mfalme wao, akiwa anakata roho, anawaaga wanawe kwa Kiingereza.

Mzee Shehe, babu yake Suhaib, fundi cherehani wa mtaa wa Mayfair, Afrika Kusini, aliyezaliwa Tanga, hakuwa na shaka kwamba mfalme ni yeye. Kiingereza alikisomea shule ya usiku. Maviking aliwasoma maktaba, na maneno ya mfalme aliyasahihisha yeye. Hata joho la manyoya alilishona kwa vipimo vyake mwenyewe. Vijana wakamchukua Anatole, Mrundi muuza viatu wa duka la pili, anayekohoa kabla ya kila sentensi.

"Huyo hata Norwe hajui iko wapi!"

"Eish, babu," Suhaib alisema. "Mfalme anakufa. Haelekezi watu njia."

Siku ya uzinduzi, katika ukumbi mmoja wa Fordsburg, Anatole alikaa jukwaani ndani ya joho lile, mikono ya nguo ikimfika vidoleni. Bendi ilipopiga wimbo wa ndugu aliyekalia kiti kisicho chake, Mzee Shehe aliinuka. Kwao Tanga, wimbo wa taarabu ukimgusa hasimu wako, unakwenda kumtunza mwimbaji huku ukimtazama hasimu huyo, na ukumbi mzima unajua nani anasemwa. Akatembea kwa madaha, noti juu, katikati ya vijana wanaotikisa nywele. Akapanda jukwaani, akaipitisha noti mbele ya pua ya Anatole, akampa Suhaib aliyekuwa akiimba.

Anatole, ambaye kwao desturi hiyo haipo, akasimama akamkumbatia.

"Murakoze, asante, mzee wangu!" Akaigeukia maikrofoni. "Jamani, huyu ndiye mwalimu wangu! Maneno yangu kayanyoosha yeye!"

Ukumbi ukashangilia. Lakini Suhaib alikulia kwenye harusi za Kitanga. Wimbo ulipokwisha alimsogelea babu yake.

"Umemsema mwenzio mbele za watu, babu. Haya, shika maikrofoni. Tuonyeshe mfalme."

Mzee Shehe akashika. Akayasema yote bila kukwama, kila neno mahali pake, kifua mbele. Wakampigia makofi ya heshima, kama apigiwavyo mgeni rasmi.

Kisha Anatole akapokea maikrofoni, akakohoa.

"Wanangu, maji ni ya baridi, na mimi sina safari nyingine."

Hakuna aliyepiga makofi. Msichana wa mstari wa mbele, mwenye pete puani, alijifunika mdomo. Mpiga ngoma aliinamisha kichwa. Mzee Shehe alisikiliza kwa makini akitafuta makosa ya matamshi. Aliyapata, na hayakumsaidia kitu.